Mwili Unaouma Bila Jeraha

Miaka michache kabla sijaanza kuugua, mama mmoja wa usharika wetu alinijia ofisini baada ya ibada ya asubuhi. Alikaa kwenye benchi taratibu, kama mtu anayeshuka kwenye maji ya baridi. Akaniambia, "Mchungaji, mwili wote unaniuma." Nikamwuliza ni wapi hasa. Akajibu, "Kote. Mabega, mgongo, nyonga, mpaka ngozi ikiguswa na kanga." Alikuwa amepima damu, mkojo, malaria na taifodi, na alikuwa amepigwa picha ya mgongo. Majibu yote yalikuwa safi.

Nilimwambia amshukuru Mungu kwa kuwa vipimo havijaonyesha ugonjwa. Nikamwombea. Kisha nikamshauri apunguze mawazo na ajishughulishe zaidi na kazi za Umoja wa Wanawake. Alipotoka, nikamwambia mzee mmoja wa kanisa kwamba nadhani mama yule anatafuta kuhurumiwa. Neno hilo halikubaki ofisini. Baada ya miezi kadhaa nilisikia akina mama wakimwita mvivu, kwa sababu alikuwa hafiki zamu za kufanya usafi wa kanisa. Akahamia benchi la nyuma. Halafu siku moja nikagundua kwamba ameacha kabisa kuja ibadani, na sikuweza hata kukumbuka ni lini nilimwona mara ya mwisho.

Naanza na kisa hiki kwa sababu swali la makala hii lilinijia kupitia dhambi yangu kabla ya kunijia kupitia ugonjwa wangu. Maswali yenyewe ni mawili, na yanashikana. La kwanza: tunawiwa nini na mtu anayesema anaumwa, wakati sisi hatuoni jeraha, uvimbe wala homa? La pili: mtu huyo akiambiwa kwamba dawa yake kubwa ni kuutembeza mwili huo huo unaomuuma, je, kutii ushauri huo ni kukosa imani katika Mungu aponyaye?

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja nilipoanza kuumwa. Ilianza kwenye mabega. Mwanzoni nilidhani nimelala vibaya, kisha nikalaumu pikipiki. Baadaye yakashuka mgongoni, yakaenda nyongani, yakafika magotini. Ilifika mahali ambapo kuinua mikono kwa ajili ya Baraka ya Haruni mwishoni mwa ibada ilikuwa kazi ninayoianza kuiogopa tangu wakati wa mahubiri. Usiku nililala saa nane na nikaamka kama mtu aliyelima usiku kucha. Akili nayo ikawa na ukungu. Jumapili moja, nikiwa nimembeba mtoto mbele ya kisima cha ubatizo, nilisahau jina lake, ingawa wazazi walikuwa wamelitaja sekunde chache kabla. Wazazi walidhani nasita kwa heshima ya sakramenti. Mimi nilikuwa nimepotea.

Nilizunguka hospitalini karibu miaka miwili. Vipimo vilitoka safi, kimoja baada ya kingine. Daktari mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniambia, "Mchungaji, mshukuru Mungu, huna kitu." Nikayatambua maneno hayo. Yalikuwa yangu mwenyewe.

Hatimaye daktari mwingine alinisikiliza kwa muda mrefu, akanikagua, akauliza kuhusu usingizi, kumbukumbu na uchovu, kisha akautaja ugonjwa kwa jina lake: fibromialjia. Nitaueleza kwa kifupi, kwa sababu naamini katika kila usharika mkubwa yupo mtu anayeishi nao bila kuujua. Makadirio ya kawaida ni kwamba huwapata watu wawili hadi wanne katika kila mia, na wanawake ndio wanaoonekana nao zaidi. Ni maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi mitatu au zaidi, yakiandamana na uchovu, usingizi usioburudisha na akili kuwa nzito. Mwaka 1990 chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani kiliweka utaratibu wa kuutambua kwa kubonyeza sehemu 18 za mwili. Mgonjwa aliyeumia katika sehemu 11 au zaidi alihesabiwa kuwa nao. Mwaka 2010 utaratibu huo ulirekebishwa, na daktari akaelekezwa kusikiliza zaidi jinsi maumivu yalivyoenea na jinsi mgonjwa anavyolala, anavyochoka na anavyofikiri. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayouonyesha. Daktari hupima ili kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine, lakini huu wenyewe huutambua kwa kumsikiliza mtu.

Tatizo, kwa kadiri wataalamu wanavyoeleza, liko katika namna mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo vinavyopokea na kukuza taarifa za maumivu. Daktari wangu alinipa mfano wa gari lenye king'ora. King'ora kimewekwa kwa ajili ya mwizi. Lakini kikiharibika na kuwa chepesi mno, hulia hata paka akipita juu ya boneti. Mwenye gari akitoka nje na taa hakuti mwizi. Je, tutasema king'ora hakikulia? Kililia, na mtaa mzima uliamka. Vivyo hivyo mwili wangu ukiuma bila jeraha, kuuma kwenyewe ni kwa kweli. Kosa letu ni kudhani kwamba kwa kuwa hatukumwona mwizi, basi hakukuwa na kelele.

Nirudi sasa kwenye swali la kwanza. Mtu anaweza kunijibu hivi: "Mchungaji, watu hudanganya. Wapo wanaokwepa kazi kwa kisingizio cha ugonjwa. Tutamwaminije kila mtu?" Ni hoja ya haki. Mimi mwenyewe nimewahi kudanganywa na watu waliokuja na hadithi za magonjwa. Lakini hebu tupime makosa mawili yanayoweza kutokea. Nikimwamini mtu asiyeumwa, nimepoteza nini? Pengine saa moja ya kumsikiliza, pengine zamu moja ya usafi imefanywa na mtu mwingine. Nisipomwamini mtu anayeumwa, nimemwongezea mzigo wa pili juu ya ule alionao. Sasa anaumwa, na pia ni mwongo machoni pa ndugu zake. Mizigo hii miwili hailingani. Mwenye busara akilazimika kuchagua kosa la kuhatarisha, atahatarisha lile dogo.

Sisi Walutheri tuna sababu iliyo kubwa kuliko hiyo hesabu. Tuliipata kwenye mafundisho ya Kipaimara, na wengi wetu tuliikariri tukiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne bila kujua itatuhukumu lini. Ni Amri ya Nane, inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther hakuishia kutuambia tusiseme uongo juu ya jirani. Alifundisha kwamba tumtetee, tumnene mema, na kila jambo lake tulitafsiri kwa namna iliyo njema zaidi. Mama yule alipokosa zamu ya usafi, palikuwa na tafsiri mbili: ameshindwa, au amekataa. Hatukuwa na ushahidi wa yoyote kati ya hizo. Tukachagua ile mbaya, na mimi mchungaji ndiye niliyeianzisha. Wakati ule niliona nimetoa maoni tu. Leo nakiri kwamba nilitoa ushahidi wa uongo juu ya jirani yangu katika nyumba ya Mungu.

Tuwakumbuke marafiki wa Ayubu. Tumezoea kuwasema vibaya, lakini sura ya pili ya kitabu hicho inaeleza kwamba waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hizo ndizo siku zao njema. Waliharibu walipofungua vinywa kueleza ni kwa nini anaumwa. Na tusisahau kwamba Ayubu alikuwa na majipu yaliyoonekana tangu utosini hadi nyayoni. Ikiwa mtu mwenye majipu alitiliwa shaka namna ile, itakuwaje kwa mtu ambaye mwili wake kwa nje hauna doa?

Sasa nije kwenye swali la pili. Daktari alipomaliza kunieleza ugonjwa, nilimwuliza dawa. Alisema ziko dawa zinazosaidia baadhi ya watu kwa kiasi, na angenipa mojawapo ya kusaidia usingizi. Kisha akaongeza kwamba jambo lenye ushahidi mzuri zaidi ni mazoezi. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo lilipitia upya tiba za fibromialjia zilizofanyiwa utafiti, na tiba moja tu ndiyo waliyoipendekeza kwa nguvu zote: mazoezi ya kuuchangamsha moyo, kama kutembea, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli.

Nilikasirika, tena sana. Mtu anayeona shida kufunga vifungo vya kanzu anaambiwa akafanye mazoezi! Niliona kama nimeambiwa kwa lugha ya heshima kile nilichomwambia yule mama: jishughulishe.

Wakati huo huo ndugu mmoja katika imani, mtu ninayempenda na anayeniombea kwa dhati, aliniambia kwamba nikianza kuhangaika na mazoezi nitakuwa nimekubali ugonjwa, na kuukubali ugonjwa ni kuukana uponyaji. "Simamia ahadi," alisema, "usisimamie miguu yako." Kwa hiyo nilibanwa pande mbili. Hasira yangu ilisema mazoezi ni dharau kwa maumivu yangu. Ndugu yangu alisema mazoezi ni dharau kwa Mungu wangu.

Aliyenisaidia kutoka hapo ni Naamani, jemadari wa Shamu, katika 2 Wafalme 5. Alikwenda kwa Elisha akitarajia nabii atoke nje, asimame, aliitie jina la Bwana na kupunga mkono. Badala yake akatumiwa ujumbe wa kwenda kuoga Yordani mara saba. Akaondoka kwa ghadhabu. Ni watumishi wake waliomrudisha kwa hoja nyepesi: kama ungeambiwa ufanye jambo kubwa ungelifanya, basi kwa nini usifanye hili dogo? Niliposoma tena habari ile nilijiona. Kama daktari angeniambia nifunge siku arobaini, ningefunga. Kama angeniambia niuze shamba nikatibiwe India, ningeita harambee. Aliponiambia nitembee dakika tano, nikaona nimedharauliwa. Imani yangu ilikuwa tayari kwa makubwa, na kiburi changu kikakataa madogo.

Ni lazima niwe mwaminifu hapa. Naamani alitoka majini akiwa mzima. Mimi sijatoka hivyo. Simtumii Naamani kuahidi kwamba anayetembea atapona. Namtumia kuonyesha kwamba kitu cha kawaida, kinachorudiwa, kisicho na shangwe, kinaweza kuwa njia ambayo Mungu huyo huyo anaitumia. Maji ya Yordani yalikuwa maji tu, kama ya mito ya Dameski ambayo Naamani aliisifu.

Luther aliligusa swali hili katika jambo zito kuliko langu. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, naye akiwa amebaki mjini kuwahudumia watu, aliandika waraka kumjibu Johann Hess na wachungaji wenzake wa Breslau waliotaka kujua kama ni halali kwa Mkristo kuikimbia tauni. Humo aliwakemea wanaomwacha jirani bila msaada. Lakini aliwakemea vilevile wale waliodharau dawa na kutojikinga kwa madai ya kumtegemea Mungu. Kwake huko kulikuwa ni kumjaribu Mungu, kwa sababu Mungu ndiye aliyeumba dawa na ndiye aliyetupa akili ya kuutunza mwili. Maelezo yake ya Sehemu ya Kwanza ya Imani ya Mitume yanakwenda njia hiyo hiyo: Mungu amenipa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote, na bado anavitunza. Ukikiri hivyo Jumapili, Jumatatu huwezi kusema kwamba miguu haina uhusiano na ahadi. Miguu yenyewe ni kipawa. Kwa hiyo nilimjibu ndugu yangu kwamba ninapoitumia miguu aliyoniumbia sijaacha kumtegemea aliyeiumba.

Basi nikaanza. Kwetu huku mlimani njia nyingi ni za kupanda na kushuka, lakini iko moja inayofuata mfereji wa kumwagilia migomba, na kwa kuwa maji yanahitaji mteremko mdogo tu, njia hiyo ni karibu tambarare. Nilitembea dakika tano, nikarudi, nikalala kitandani mchana ule kama mtu aliyepigwa. Kesho yake nilirudia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ameniagiza nisiongeze chochote mpaka dakika hizo zizoeleke, kisha niongeze moja au mbili kwa wiki, si zaidi. Baadaye akaniongezea kuinuka na kuketi kwenye kiti mara chache bila kushika, kusukuma ukuta kwa mikono, na kuinua chupa mbili za maji za nusu lita. Wajukuu wa jirani walikuja kutazama mchungaji akisukuma ukuta wa nyumba ya usharika, na sikuwa na maelezo ya kuwaridhisha.

Kosa langu kubwa halikuwa uvivu. Lilikuwa bidii ya siku njema. Ugonjwa huu una siku za nafuu, na siku ya nafuu mtu hutaka kulipa madeni yote: nitembelee wagonjwa watano, nilime bustani, niandike mahubiri, nitembee saa nzima. Nikifanya hivyo, siku tatu zinazofuata hunikuta kitandani. Kisha najilaumu, napata nafuu, nakimbia tena, naanguka tena.

Hapo nilijifunza kutoka kwa mana katika Kutoka 16. Waisraeli waliagizwa kuokota kila siku kiasi cha siku hiyo. Aliyeweka akiba mpaka asubuhi alikuta imeingia mabuu na kunuka. Nilikuwa nimelihubiri somo hilo mara nyingi nikizungumzia fedha na tamaa. Sikuwahi kufikiri kwamba nguvu nazo ni mana. Nguvu za leo si malipo ya deni la jana, wala siwezi kuzikopa za kesho bila kuiharibu kesho. Siku ninayojisikia vizuri naokota pishi yangu na kuacha. Siku ninayojisikia vibaya naokota kidogo, lakini naokota. Kwa mtu mwenye tabia kama yangu, kuacha siku njema kunadai imani kubwa kuliko kuanza siku mbaya. Kuacha ni kukubali kwamba kesho iko mikononi mwa mwingine.

Leo natembea karibu dakika thelathini, siku tano kwa wiki mara nyingi. Nalala vizuri kuliko zamani. Ukungu wa akili umepungua, ingawa bado naandika jina la mtoto kwenye karatasi kabla ya ubatizo. Maumivu yapo. Yamepungua, na tena yamepoteza ule uwezo wa kuniamulia siku nzima. Hiyo ndiyo taarifa yangu, bila kuipunguza wala kuitia chumvi.

Lakini baada ya kusema haya yote, naogopa jambo moja. Naogopa kwamba mtu atafunga kitabu hiki aende kwa jirani yake anayeumwa amwambie, "Umesoma? Mchungaji alifanya mazoezi. Wewe je?" Hapo habari njema itakuwa imegeuzwa kuwa fimbo. Sisi tuliofundishwa kutofautisha Sheria na Injili tunapaswa kuwa wa kwanza kuiona hatari hii. Kwanza mgonjwa alishitakiwa kwa kukosa imani. Sasa atashitakiwa kwa kukosa bidii. Mashitaka yamebadilika na mshitakiwa ni yule yule. Wapo wagonjwa ambao dakika tano zangu kwao ni nyingi mno kwa sasa. Wapo wenye ugonjwa mwingine unaofanana na huu ambao daktari hatawaruhusu kuanza hivi. Yupo mama mwenye watoto wanne na maji ya kuteka, ambaye mwili wake hutembea mchana kutwa, na anachohitaji ni kupumzishwa kabla ya kuongezewa safari.

Mbele za Mungu mimi sihesabiwi haki kwa hatua ninazotembea, kama nisivyohesabiwa haki kwa mahubiri ninayohubiri. Siku nisiyotoka kitandani mimi ni mtoto wa Mungu yule yule aliyebatizwa. Nimelazimika kulisema hilo kwa sauti chumbani asubuhi fulani, kwa sababu mwili ukiuma huwa unahubiri kinyume. Na kinachoshangaza ni kwamba jambo hilo ndilo hunitoa nje. Nilipotembea ili nithibitishe kwamba mimi si mvivu, nilivuka kiasi na kuanguka. Tangu nijue kwamba sina cha kuthibitisha, naweza kutembea dakika kumi na mbili na kurudi nyumbani kwa amani.

Wengine wataniuliza, "Je, umeacha kuomba upone?" Sijaacha. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, naye akajibiwa kwamba neema inamtosha. Hatuambiwi mwiba ule ulikuwa nini, na nadhani ni vizuri, maana kila mwenye mwiba anaweza kuketi karibu naye. Mimi nimeomba zaidi ya mara tatu na sijapata jibu la wazi kama lake. Naomba asubuhi kisha navaa raba. Sioni mgongano kati ya mambo hayo mawili, kama mkulima asivyoona mgongano kati ya kuomba mvua na kupalilia.

Zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuujua ugonjwa wangu, nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, hivyo nilipofika uani nilimpa shikamoo. Akaitika, "Marahaba, Mchungaji. Karibu," kwa adabu ile ya mtu ambaye hajaamua kama umekaribishwa kweli. Nilimweleza kilichonipata. Nikamwambia kwamba nilikosa, kwamba sikumwamini, na kwamba nilimsema. Nikaomba anisamehe.

Alinyamaza muda mrefu, akichambua mboga. Kisha akasema, "Mchungaji, kwa hiyo ilikupasa uumwe kwanza?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Swali lake limenifuata kuliko swali la mwanatheolojia yeyote niliyemsoma chuoni. Kama itatulazimu tuumwe ugonjwa wa jirani kabla ya kumwamini, basi upendo wetu hauna upana kuliko ngozi yetu. Kristo aliyachukua maumivu ambayo hayakuwa yake. Mwili wake, ambao Paulo anausema katika 1 Wakorintho 12, umefanywa hivi kwamba kiungo kimoja kikiumia vingine huumia pamoja nacho. Sikio haliombi cheti cha daktari kabla ya kujua kwamba mguu umekanyaga mwiba.

Mama yule alinisamehe, ingawa si siku ile. Kama ugonjwa wake ni huu wangu sijui. Nilimsindikiza kwa daktari na mengine ni siri yake. Amerudi ibadani. Anakaa karibu na mlango, na wakati wa liturujia haombwi kusimama.

Katika usharika wetu tumefanya mabadiliko machache, hayana gharama. Tunapotangaza kusimama, tunasema wazi kwamba anayehitaji kukaa akae, na hakuna anayegeuka kumtazama. Kuna viti vitatu vyenye egemeo mbele ya mabenchi. Zamu za kazi zinapangwa kwa kuuliza mtu anaweza nini wiki hii, na mtu akisema hawezi, jibu ni "Sawa, mama" au "Sawa, baba", basi. Na asubuhi tatu kwa wiki watu wachache hutembea kando ya mfereji. Mwendo wetu unapangwa na aliye wa polepole kuliko wote. Siku nyingi huyo ni mimi.